Chubwi la Shemeji na Wavu wa Mama Mkwe

Mashine ya mama mkwe ilipona Jumatano. Nalisema mapema kwa sababu balaa lote lilianzia hapo. Ni mashine ya boti ya nguvu farasi 15, silinda mbili, ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli, na ugonjwa wake ulikuwa wa kawaida: kabureta imeganda petroli iliyolala, plagi zimevaa masizi. Niliosha kabureta, nikatia plagi mpya mbili, nikabadilisha oili ya gia kule chini karibu na propela, nikaitumbukiza kwenye pipa la maji ikanguruma vizuri. Kazi ya saa tatu. Lakini mama alipopiga simu kuuliza, nilimjibu, "Mama, bado iko kwenye majaribio. Jumapili utaipata."

Majaribio yenyewe yalikuwa yanatua uwanja wa ndege wa Kisumu Alhamisi jioni, yakitokea Toronto na mabegi matatu.

Shemeji ni kaka mkubwa wa mke wangu. Kwetu Wajaluo, ora, yaani shemeji, si mtu wa kukataliwa hivi hivi; akisema twende, unatafuta viatu. Yuko Kanada mwaka wa 11 sasa, na huko amefundishwa kuvua samoni katika Ziwa Ontario. Uvuvi wenyewe ni ule ambao watu wa pwani huuita kurambaza: boti inatembea polepole, mishipi imeachiwa nyuma, chambo bandia kinaogelea kama samaki anayekimbia deni. Alitaka kitu kimoja tu: Jumapili aingie boma la mamake, Uyoma, akiwa na mbuta (wengine humwita sangara) begani aliyemvua mwenyewe kwa fimbo. Mama alijua mwanawe anafika Jumapili. Sisi tungeshuka Ijumaa, tulale bichi ya jirani, tuvue Jumamosi kutwa, kisha Jumapili tutokeze na samaki kama tumetoka mbinguni. Boti tungekodi. Mashine tulikuwa nayo.

Begi la kwanza lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa la fimbo, rili, na masanduku ya vijiko vya chuma vya rangi zote, pamoja na vibati virefu vinavyozunguka majini na kumetameta ili samoni asogee kuchungulia. La tatu wabebaji wawili waliliinua, wakaliweka chini, wakatazamana. Ndani mlikuwa na winchi ya mkono yenye waya wa chuma, na chubwi la risasi la kilo 4.5, la mviringo, lenye pezi nyuma ili lisizunguke. Nilimuuliza kwa upole kwa nini mtu asafirishe kilo zote hizo angani kuja Kisumu, mahali ambapo mawe ni ya bure.

Akanieleza, na sitaki kumnyima haki: kwa ziwa lake maelezo yana mantiki. Kiangazi cha kule maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini, na samoni anapenda maji ya nyuzi kama 10 hadi 13. Anayafuata hata mita 20 au 30 chini, na kijiko chepesi kikivutwa kwa mshipi mtupu hakifiki huko. Basi mshipi hubanwa kwa klipu kwenye waya wa winchi, chubwi linashuka nao hadi kina unachotaka, na winchi ina kihesabu kinachokuonyesha waya uliotoka. Samaki akigonga, klipu inaachia, unabaki kupigana naye kwa fimbo bila ule uzito. Ni ufundi safi. Ontario lina kina cha mita 244 penye kina kirefu kabisa.

Victoria sasa. Kwa upana linaimeza Ontario mara tatu na zaidi, lakini kina chake hakizidi sana mita 80, na hiyo ni huko mbali. Ghuba ya Winam ni sinia. Tena tuko ikweta: kutoka juu hadi chini joto la maji linatofautiana kidogo tu, kwa hiyo mbuta hatafuti baridi. Anatafuta hewa ya kutosha, maana hastahimili maji mazito yasiyo na oksijeni, halafu anatafuta chakula: omena, fulu, kamba wadogo, na watoto wa mbuta wenzake bila aibu yoyote. Yeye mwenyewe ni mgeni aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, akala wenyeji. Ukimtaka, pita kandokando ya miamba na mahali kina kinapobadilika ghafla, mita 6 hadi 15, na umvutie samaki wa plastiki wa sentimita 15 mwenye mdomo mpana mbele. Ule mdomo ndio unaomzamisha. Jinsi ulivyo mpana na kulala mbele, ndivyo anavyokwenda chini. Hakuna haja ya winchi. Hayo yote nilimwambia shemeji kwenye gari, kuanzia Kombewa hadi Ndori. Alikuwa akitikisa kichwa kwa heshima, huku ameikumbatia winchi mapajani.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa majini, mbele ya Luanda Kotieno, upande ambao ghuba inaanza kufunguka. Boti ya mbao ya mita 7. Nilichanganya mafuta mwenyewe, mililita 200 za oili kwa lita 10 za petroli, nikapampu mpira wa tangi hadi ukawa mgumu, choki, mvuto mmoja, mbili, ikashika. Shemeji alivaa jaketi la kujiokolea la rangi ya chungwa lililong'aa kiasi kwamba ndege walihama. Winchi tuliifunga upande wa kulia, karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, kwa jiriwa mbili na kipande cha ubao chini yake ili isikate ukingo wa boti. Mwenye boti alitazama lile tufe la risasi likining'inia akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni la kanisa.

Tatizo la kwanza lilikuwa mwendo. Kijiko cha samoni kinataka kilomita 3.5 hadi 4 kwa saa. Ukizidisha kinazunguka kama feni na kusokota mshipi wote. Mashine ya 15 ikiwekwa gia ya mbele, moto wa chini kabisa, boti nyepesi ya watu wawili inakwenda 5 au zaidi. Dawa yake ni ndoo. Unafunga ndoo kwa kamba kwenye tezi, inajaa maji na kuburuta nyuma kama breki. Ukitoboa matundu machache kitakoni haiyumbi. Ndoo tuliyokuwa nayo ni ya lita 20, nyeupe, niliyoitoa kwa mama mkwe ikiwa na vipuri vya mashine yake ndani. Nikaifunga kwa kamba ya mita 3. Kumbuka hiyo kamba.

Fimbo yangu niliishughulikia kwanza, kizamani. Kabla ya kuachia samaki wa plastiki unamshika kando ya boti uone anavyoogelea. Akilala upande, pinda kidogo sana ile pete ya mdomoni kuelekea upande wa pili, na umjaribu tena, kwa sababu samaki anayelala hata mbuta mwenye njaa humwonea huruma akampita. Alipokaa sawa nikamwachia polepole, kidole juu ya mshipi, hadi mita 35 nyuma. Mshipi wenyewe wa kilo 20, na mbele yake mita moja na nusu ya nailoni nene ya kilo 40, maana mdomo wa mbuta ni msasa. Hakati kama mamba, anasugua, na kifuniko chake cha shavu kina makali. Breki ya rili nikaiweka kwenye robo ya nguvu ya mshipi. Ukiikaza kwa hofu ya kumpoteza, ndivyo unavyompoteza: anaruka, anatikisa kichwa, ndoana inanyooka.

Baada ya dakika 20 hivi fimbo yangu iliinama. Mbuta, ndiyo, ila wa sentimita 38, na kipimo cha chini ni 50. Nilimtoa ndoana nikiwa nimemlaza majini, akaondoka. Shemeji akapiga picha ya mahali alipokuwa.

Sasa zamu ya winchi. Shemeji alishika usukani, mimi nikapewa mpini wa winchi, na hapa ndipo elimu zetu mbili zilipogongana. Kabla ya kuanza nilikuwa nimepima kina kwa kamba na jiwe: mita 12. Shemeji akasema, "Shusha hadi thelathini." Nikamwambia, "Ora, tuko kwenye 12. Thelathini utamkuta Shetani." Akafikiri, akasema, "Basi weka tisa." Nikaona tisa ni busara, mita 3 juu ya tope. Nikalegeza klachi, chubwi likazama, nikatazama kihesabu. Kilipofika 9 nikafunga. Kijiko cha kijani na fedha kiko chini, kibati mbele yake, tukatembea.

Saa nzima tulitembea. Fimbo ya winchi ilisimama imeinama kidogo kama mtu anayesali. Jua likapanda. Tulikula mayai. Shemeji alinisimulia samoni wa kilo 12, na samoni wa kilo 14, na yule aliyekata mshipi ambaye uzito wake huongezeka kila mwaka. Kisha akainama kutazama kihesabu, akanyamaza, akasema, "Shemeji. Hii inahesabu futi."

Nilikuwa nimekivuta kijiko cha watu saa nzima katika mita mbili na robo tatu za maji ya juu, yaliyopigwa jua, na mashine inanguruma mita chache mbele yake. Na yule thelathini aliyemtaja mwanzo alikuwa ndiye huyo huyo mita 9. Mtu mzima, fundi, nimefedheheshwa na kihesabu. Mwenye akili angerekebisha hadi 30 na kuomba radhi. Mimi nikageuza mpini kwa hasira hadi 36, yaani mita 11, nikasema, "Haya, futi zako hizo."

Kwa mstari ulionyooka hata 36 ingepita. Waya haushuki wima boti ikitembea; maji yanausukuma nyuma, kwa hiyo chubwi linaelea juu zaidi ya kihesabu kinavyosema. Hesabu hiyo inavunjika unapokata kona. Upande wa ndani wa kona unapunguza mwendo, waya unasimama wima, chubwi linashuka. Wanaorambaza hugeuka kwa duara kubwa, uwanja mzima wa mpira, na kabla ya kugeuka wanapandisha chubwi la upande wa ndani mita mbili tatu. Shemeji analijua hilo kuliko mimi. Lakini aliona ndege weupe wakitumbukia upande wa kulia, na ndege wakitumbukia ni omena, na omena wakipanda juu kuna anayewafukuza. Akakata kona ya kulia kama matatu inayoona abiria. Jua lilikuwa machoni. Boya hatukuliona.

Tuseme ukweli kuhusu nyavu za chini: zina maboya mawili tu yanayoonekana, moja kila mwisho, na katikati yake unaweza kuwa na mita 300 za maji yasiyosema kitu. Kamba ya juu ya wavu iko mita 2 au 3 kutoka tope. Kwa kawaida saa tatu asubuhi zinakuwa zimeshatolewa. Hutegwa jioni, huinuliwa alfajiri. Kwa nini wavu huu ulikuwa bado majini saa hiyo, tutafika.

Fimbo iliruka, klipu ikaachia, shemeji akapiga ukelele uliosikika Mbita: "Samaki!" Mimi nilikuwa natazama winchi. Waya ulikuwa umekazwa nyuma yetu, unaimba. Kona ya kulia ya tezi ikainama, maji yakamwagika ndani kama mgeni asiyebisha hodi, na boti nzima ikasimama, kisha ikaanza kuzunguka mahali pamoja kama mbuzi aliyefungwa kambani.

Chubwi likinasa, cha kufanya kinajulikana. Toa gia, mashine iwe huru. Legeza klachi ya winchi, waya utoke, ili tezi ipumue. Halafu rudi kwa makafi hadi uwe juu kabisa ya pale paliponasa, na uvute wima. Vingi hunasuka kwa kuvutwa kutoka upande ule vilipoingilia. Na uwe na koleo la kukata waya karibu na mkono, kwa siku ambayo hayo yote yatashindikana. Mwiko mmoja tu: usitie rivasi.

Shemeji alitia rivasi.

Ile ndoo unaikumbuka. Boti ikirudi nyuma, ndoo haiko nyuma tena; iko chini yako, na kamba yake ya mita 3 inaelea inapotaka. Propela iliikamata kamba, ikaizungusha mizunguko kama minane, ikaivuta ndoo hadi ikapasuka kwa kishindo cha bunduki, kisha mashine ikazima. Kimya. Ziwa lote kimya. Kipande cheupe cha ndoo kikatokea, kikaelea kuelekea Homa Bay.

Niliinua mashine, nikakata kamba kwa kisu cha mayai, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Kisha nikaishusha nikavuta. Haikushika. Nikavuta mara 20. Nilijua kilichoipata, na ndicho kiliniuma zaidi: mashine hizi za oili ndani ya petroli hazipendi kunguruma chini chini kwa muda mrefu. Oili haichomeki yote, plagi zinalowa. Kila robo saa unatakiwa kuifungulia moto dakika moja iteme. Nawaambia wateja wangu hivyo kila siku ya Mungu. Lakini saa nzima nilikuwa kwenye mjadala wa futi. Na spana ya plagi? Ilikuwa ndani ya ile ndoo, nilipoitoa vipuri nikaviacha vizuri kwenye rafu, karakana, Kisumu.

Ikabaki kuvuta kwa mkono. Shemeji akazungusha mpini wa winchi, mimi nikazuia boti kwa kafi. Waya wa namna ile unastahimili kilo zaidi ya 60, hauna mpango wa kukatika. Ulipanda futi kwa futi, naye akizihesabu kwa sauti, sijui kwa nini. Kwenye 4 likatokea chubwi, limevaa wavu kama bibi harusi. Nyavu za nailoni za jicho la inchi 6, rundo zima, kijiko cha kijani kimezama katikati, ndoana yake ya makucha matatu imeshika macho kama 15. Na chini ya rundo, kitu kinene cha fedha kinageuka polepole, jicho lake linawaka rangi ya dhahabu. Mbuta. Wa sentimita 78, tulikuja kumpima baadaye.

"Nimempata!" shemeji akasema.

"Amepatikana na wavu," nikamwambia. "Wavu una mwenyewe."

Tukawa tunajadiliana kama tumkate tumtoe, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshakata macho kadhaa kuokoa kijiko, shimo linatosha kupita mtu aliyeinama. Hapo ndipo boya likatusogelea, maana tulikuwa tunauvuta wavu na boya lake. Dumu la njano la lita 20 la mafuta ya kupikia, lenye mistari miwili ya bluu. Bluu ile naijua. Ni rangi iliyobaki nilipopaka jikoni kwangu. Maboya hayo niliyapaka kwa mkono wangu mwezi uliotangulia, manne, zawadi kwa mama mkwe, ili asiibiwe nyavu na watu wasio na haya.

Na sasa tumefika pale pa kwa nini wavu ulikuwa bado majini saa tatu. Vijana wa mama hawakwenda alfajiri kuuinua kwa sababu hawakuwa na mashine. Mashine ilikuwa kwenye majaribio.

Simu yangu huwa ndani ya kopo la siagi lenye kifuniko cha kubana. Ikalia mle ndani kama nyenje.

"Fundi." Mama mkwe haniiti jina, wala mimi simwiti.

"Naam, Mama. Umeamkaje?"

"Vizuri. Mashine yangu inaendeleaje?"

Niliitazama. Vishungi vya kamba vilikuwa bado vinaning'inia kwenye propela. "Iko majini, Mama."

"Kwenye lile pipa?"

"Maji ni mengi kidogo kuliko ya pipa, Mama."

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake kuku walikuwa wanalia. "Nimewatuma vijana na makafi wakatoe wavu wangu," akasema taratibu, "kwa sababu mashine ni mgonjwa. Wamenipigia. Wanasema kuna boti imefungwa kwenye boya langu. Ina watu wawili. Mmoja amevaa chungwa. Mwingine anaongea na simu."

Niligeuka. Mita 60 nyuma yetu, boti ya makafi, vijana watatu, wa katikati ameshika simu sikioni na kunipungia mkono.

"Ni nani?" shemeji akaninong'oneza.

"Ni mamako."

Mtu wa miaka 40 na zaidi, anayelipa kodi Kanada, akavua jaketi lile haraka na kulikalia.

"Huyo wa chungwa ni nani?" sauti ikauliza.

Ningefanyaje? "Ni mwanao, Mama. Alitaka kukushtukiza."

Kilichofuata kilikuwa kigelegele. Kilikuja kwa simu, na naapa kilikuja pia kwa hewa, juu ya maji, kutoka nchi kavu. Kilipokwisha akasema, "Mwambie uji uko motoni, na kuku nimeshamkamata. Wewe hesabu macho ya wavu uliyokata."

Vijana walitufungua kwa dakika 10. Hawakukata hata jicho moja zaidi. Walilaza wavu kwenye boti yao, wakageuza chubwi kinyumenyume kupitia njia lililoingilia, wakang'oa kijiko kwa meno ya koleo. Mmoja wao alikuwa na spana ya plagi mfukoni. Alinikabidhi bila neno. Nilifungua plagi, nikazifuta kwa shati, nikazikausha kwa kiberiti, mvuto wa tatu mashine ikashika. Tuliwavuta hadi bichi, sisi mbele, wao nyuma wakiimba.

Mzee wa bichi hakutaka maelezo ya samoni. Alipima shimo kwa mikono yake: urefu wa mtu na nusu. Hukumu ikawa fupi. Mgeni hajui ziwa, asamehewe. Fundi anajua ziwa, ashone. Nilikaa chini ya mti siku mbili na sindano ya nyavu, nikipima kila jicho kwa kibao cha inchi 3 ili fundo lisihame, watoto wakija kunitazama kwa zamu. Mwenye boti alidai ubao mpya wa ukingo, maana jiriwa zilikuwa zimeung'ata hadi ukapasuka. Ndoo mpya nilinunua bila kuambiwa.

Mbuta alipimwa kilo 6 na robo. Alikuwa wa wavu, kwa hiyo wa mama, na jioni akapikwa. Kwetu mkwe hali meza moja na mama mkwe. Chakula changu kililetwa kwenye kibanda na shemeji wangu mdogo wa kike, kimefunikwa vizuri, na alikuwa amebana midomo asicheke. Nikafunua. Ugali wa nguvu, sukuma, na mgongo wazi: uti wa mgongo mzima, mbavu zote, mkia, umekaangwa ukakauka vizuri. Minofu yote ilikuwa imekwenda upande wa Toronto.

Shemeji alirudi Kanada na mabegi mawili. La risasi liliachwa. Chubwi sasa ndilo nanga ya boya la kwanza la wavu wa mama, na winchi imefungwa kisimani kwa jiriwa zile zile, inainua ndoo yangu mpya, ya lita 10 kwa sababu ya mpini. Kihesabu chake bado kinafanya kazi. Ndoo ikigusa maji kinasoma 41, na mama huwaonyesha majirani wanaokuja kuchota. Uyoma nzima inajua kwamba boma lile lina kisima cha mita 41. Mimi sijasema kitu.